Maneno Niliyoyageuza Kaburini kwa Babu Yako

Bhoke mwanangu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakuona dirishani. Umekaa kwenye kigoda pamoja na shangazi yako, mnanyonyoa kuku wa kesho, na unacheka mpaka manyoya yanakuingia mdomoni. Mimi nimejifungia katika chumba kilichokuwa cha babu yako, nimewaambia nina kazi ya ofisi. Barua za namna hii hutiwa ndani ya begi ili msafiri azisome akiwa mbali. Hii nitakupa mkononi jioni hii, na nakuomba uisome leo, kabla ya ibada ya kukuaga. Ukiisomea Madagaska, misheni inakokutuma, itakuwa haina kazi tena.

Mambo ya sweta, vidonge vya malaria na pasi ya kusafiria sitayagusa. Mama Lena wa Mchungaji Tobias ameshakuandalia yote, na mke wa mmisionari anajua kufunga mizigo kuliko sisi sote. Ninachotaka kukuandikia kinaniharibia mwandiko, na unajua mimi ni mtu wa mwandiko mzuri. Usidhani ni uchungu wa kuachana. Nina hasira. Nina hasira na Mchungaji Tobias, nina hasira na mimi mwenyewe, na nisikufiche, nina hasira kidogo na wewe.

Nianze na wewe, maana ndiko kulikonifungua macho.

Wiki iliyopita wageni wa Mchungaji walipofika kutoka kwao, na zile fulana zao za rangi moja, mimi nilikuwa Tarime nahangaikia vibali vyao. Ukatafsiri wewe. Nilifika hapa Nyansurura mkutano wa akina mama ukiwa katikati, nikasimama nyuma, mlangoni. Yule mgeni mrefu mwenye kofia akauliza: kwa nini mnazaa watoto wengi kama hamwezi kuwatunza? Aliuliza akitabasamu, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Nikasubiri nione utafanyaje. Ukawageukia akina mama, ukasema kwa Kikurya, kwa sauti tamu, "Mgeni anasema mna watoto wazuri, anauliza kazi yote hii mnaiwezaje."

Wakacheka. Mama Gati akajibu, "Mwambie abaki wiki moja, tumwachie watano tu, atajua tunaiwezaje."

Nawe ukamgeukia mgeni, ukamwambia kwa Kiingereza kwamba wanamshukuru kwa ushauri wake. Mgeni akaweka mkono kifuani. Kila mtu akaondoka ameridhika.

Kwanza nilijivuna. Nikasema moyoni, huyu ni mwanangu kabisa, anaweza kuikalia meza yangu hata leo. Nilikuwa nimefika nusu ya njia ya kurudi mjini, nyuma ya bodaboda, ndipo majivuno yaliponiisha. Nikajua ni nani aliyekufundisha.

Wewe unaniita baba, na wageni wakituona pamoja huhesabu miaka na kushangaa. Kaka yangu, aliyekuzaa, alifariki mimi nikiwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni. Kwa desturi yetu mtoto wa kaka ni mtoto wangu, na sikuwahi kutaka uitwe jina jingine. Lakini nilikuwa kijana mwenye cheti cha ukarani na mtoto mdogo wa shule, sina kingine. Misheni ikanipa kazi kwenye ofisi yake pale Bomani, na wewe ikakupa nafasi katika shule yake ya Kiingereza. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Kila nilichokuwa nacho kilikuwa kimepita katika mikono ya mtu mmoja, Mchungaji Tobias, na niliona wazi kwamba mikono hiyo inaweza kukichukua.

Unaijua kazi yangu. Wiki nzima ni vibali, mihuri na foleni za maofisi. Jumapili natafsiri mahubiri. Hakuna aliyeniajiri kutafsiri. Nilianza kwa sababu siku moja mkalimani aliumwa, na Mchungaji akasema nina sauti nzuri.

Sitaki umwone kama mtu mbaya, maana ingekuwa rahisi mno. Mchungaji Tobias ndiye aliyempeleka bibi yako hospitali Mugumu akapasuliwa macho, akakaa naye nje kwenye benchi siku nzima kama mwanawe. Ndani ya gari lake wamezaliwa watoto watatu ninaowajua kwa majina. Mvua ikiharibu barabara hushuka yeye kwanza kusukuma. Lakini miaka yote hii amejifunza salamu tu. Bado anawaamkia watoto shikamoo, na watoto wanaitikia marahaba kwa furaha, hakuna anayemsahihisha. Hata mimi sijamsahihisha. Sisi tunampenda Mchungaji hivyo: tunamwacha akosee.

Sasa nije kwenye kaburi.

Babu yako hakubatizwa. Yeye ndiye aliyewapa misheni kiwanja cha kanisa, mbele ya wazee wote, akasema yeye amechelewa kwa dini mpya lakini watoto wataihitaji. Alipokufa tukamzika hapa nyumbani, karibu na zizi. Mchungaji akaomba kusema neno. Nani angemkatalia? Nikasimama upande wake wa kushoto, viatu vyangu vimezama kwenye udongo uliotoka katika kaburi la baba yangu.

Alisema kwa huzuni ya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwamba huzuni yake ilikuwa ya kweli. Alisema: "Mzee huyu alikuwa rafiki yangu. Lakini alikufa bila Kristo. Hakupumzika. Yuko motoni, na kama angeweza kusema, angewaomba msimfuate."

Watu wote wakanitazama mimi. Bibi yako alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanga imemfunika kichwa, akiwa na uso wa mtu anayesubiri kupewa maji.

Nikasema: "Mchungaji anasema mzee alikuwa rafiki yake. Ametangulia. Mungu aliyemuumba ndiye anayemjua, nasi tuliobaki tuishi vizuri."

Wakaitikia amina, hata wazee ambao hawajawahi kukanyaga kanisani. Bibi yako akainuka, akaushika mkono wa Mchungaji kwa mikono yake miwili. Kabla hajaondoka wazee wakampakilia kondoo dume nyuma ya gari, kumshukuru mgeni aliyemsindikiza mwenzao kwa heshima. Yeye akaelewa kwamba wamelipokea neno gumu. Tangu hapo kondoo yule amesafiri katika mahubiri yake mpaka nchi ambazo mimi sitaziona.

Jioni ile tulikuwa tunakusanya viti, wewe na mimi. Ulikuwa bado msichana wa shule ya msingi. Ukanivuta shati. "Baba, mbona Mchungaji amesema babu yuko motoni, na wewe hukusema hivyo?"

Unakumbuka nilivyofanya? Nilikushika mkono kwa nguvu mpaka machozi yakakutoka, nikakwambia, "Funga mdomo. Wewe ni mtoto, hujui Kiingereza." Hujui Kiingereza! Ulikuwa unaongoza darasani. Hukuuliza tena. Ukawa unanitazama kila Jumapili, na ukajifunza kazi yenyewe jinsi fundi anavyojifunza kwa kuangalia mikono ya mwalimu wake. Mimi nililiita jambo hilo amani. Nilijiambia nimemkinga mama yangu, nimemkinga Mchungaji, nimekukinga wewe. Ukweli ni kwamba niliogopa kupoteza kazi juu ya kaburi la baba yangu, na woga ule nikauvalisha nguo ya hekima.

Bibi yako alibatizwa mwaka uliofuata. Aliposimama mbele alisema, "Ninamfuata Mungu wa mtu aliyemheshimu mume wangu." Hilo nalo nilitafsiri. Nilimwambia Mchungaji, "Anasema amemwamini Yesu." Mchungaji akalia kwa furaha. Nikajiambia sikudanganya, nimefupisha tu. Angalia jinsi karani anavyojitetea.

Sasa nikueleze kilichotokea leo asubuhi, ulipokuwa sokoni.

Unajua kila Jumamosi Mchungaji hunisomea mahubiri barazani kwake, aya kwa aya, ili kesho yake nisikwame. Mama Lena alikuwa anaoka mkate, baraza lote linanukia. Mahubiri ya kukuaga yanahusu ujasiri wa mtumishi katika nchi ya ugeni. Alipofika katikati nikasikia kaburi, zizi, kondoo. Ndio mfano wake mkuu.

Nikasema, "Mchungaji, naomba tuliache hilo la kaburi."

"Kwa nini? Ndio moyo wa mahubiri. Bhoke anakwenda kwa watu wanaojenga makaburi mazuri kuliko nyumba zao. Lazima ajue kwamba inawezekana."

"Mama yangu atakuwa amekaa mbele."

"Bila shaka! Ni ushuhuda wake pia."

Hapo maneno yakanitoka yenyewe. "Mchungaji, siku ile sikutafsiri ulichosema."

Akacheka, kwa upole kabisa. "Marwa, ulikuwa umefiwa. Siku kama ile mtu hawezi kukumbuka alichosema."

Bhoke, mtu huyu alikuwa ananiambia mimi kwamba siyakumbuki maziko ya baba yangu. Nikamrudishia maneno yote, yake kwanza, kisha yangu, mpaka akaweka kikombe chini.

"Umefanya hivyo mara ngapi?"

"Kila ulipowatukana."

"Sijawahi kumtukana mtu yeyote hapa."

"Ndiyo," nikasema. "Na wao wanaamini hivyo hivyo."

Akaanza kuzikusanya karatasi zake. Mama Lena akatoka na mkate kwenye sinia, akatutazama, akarudi nao ndani. Nilimwonea huruma Mchungaji, nakuambia ukweli. Alikuwa kama mtu aliyeambiwa nyumba aliyoishi miaka mingi ilikuwa ya jirani. Nilifikiri atanifukuza, au atasema tuombe. Kama angesema tuombe, ningepiga magoti naye pale pale na pengine barua hii isingeandikwa. Badala yake akasema, polepole, akiangalia karatasi zake:

"Wageni wamekuja kwa ajili ya ibada hii. Habari hiyo wameisikia kwangu tangu zamani. Siwezi kuitoa kesho." Kisha akasema, "Wewe tafsiri kama unavyotafsiri siku zote. Habari ya kazi yako tutaizungumza wakishaondoka."

Nimeyaandika hayo nikalazimika kuweka kalamu chini kwanza.

Siku zote nilidhani mimi ndiye ninayemdanganya, na niliibeba aibu hiyo peke yangu, kama mzigo wangu halali. Leo amenituma nidanganye kwa ajili yake, akiwa anajua. Anataka baba yangu achomwe kwa Kiingereza na abembelezwe kwa Kikurya, katika ibada moja, mama yangu akiwa amekaa katikati anasema amina kwa yote mawili. Na kibaya zaidi, nilisema, "Sawa, Mchungaji." Nilisema sawa! Nikachukua nakala yangu ya mahubiri, nikaaga, nikafunga geti lake vizuri nyuma yangu ili mbwa asitoke.

Nilitembea mpaka hapa bila kumwitikia mtu. Bibi yako alikuwa nyuma ya jiko anapeta wimbi. Nikasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu, nikamweleza yote, la kaburini na la leo. Aliendelea kupeta. Nilipomaliza akapuliza makapi, akasema:

"Kwa hiyo mzee aliambiwa yuko motoni, ndani ya mji wake, na aliyemwambia tukampa kondoo."

"Ndiyo, mama."

"Tena kondoo mzuri sana yule. Baba yenu alikuwa amekataa kumuuza."

Nilidhani anatania, nikataka kucheka. Akaweka ungo chini. "Unaogopa nitaacha kanisa?"

"Naogopa, mama."

"Mimi kuomba nimeshazoea. Siwezi kuacha kuomba kwa sababu ya Tobias. Lakini wewe, Marwa, umeniibia. Mgeni akisema neno baya nyumbani kwangu, kumjibu ni haki yangu. Miaka yote hii nimempikia, nimempa maziwa, mwanawe nimembeba mgongoni, na sikujua anafikiri nini. Ningemjibu siku ile ile. Ningemjibu vizuri, akiwa bado kijana, masikio yake laini. Labda leo angekuwa mtu mwingine. Yeye pia umemwibia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio chake, sikuwa nimejiandaa kwa hilo.

"Kesho mwache aseme," akaendelea. "Usimzuie. Utatuambia alichosema, chote. Halafu nitasimama nimjibu, na utamwambia nilichosema, chote. Umesikia, mura, mwanangu? Chote."

"Utamwambia nini, mama?"

"Unataka ukakipunguze usiku?" Akachukua ungo wake, akanipa mgongo.

Hivyo sijui atakalosema. Najua tu kwamba tangu nimwambie ameosha kanga yake ya kanisani mara mbili.

Bhoke, sikukatazi kwenda. Nimekusikia ukiomba na siwezi kuusema vibaya wito ambao sikuusikia mimi. Lakini elewa unakwenda kuwa nani. Huko Madagaska wewe ndiye utakuwa Mchungaji Tobias. Watakuwekea tangi la maji wakati majirani wanachota mtoni. Watakuletea kuku hata wasiokupenda. Watoto watakuitikia salamu uliyoikosea, na hakuna atakayekusahihisha, na wewe utaandikia nyumbani kwamba watu wa hapa ni wakarimu mno. Ni watu wa ng'ombe kama sisi, wanawaheshimu wafu wao kama sisi, na siku moja utaombwa useme neno kwenye maziko.

Pembeni yako atasimama mtu kama mimi. Amesoma, shati lake limepigwa pasi, ana mtoto katika shule yenu. Mtazame huyo kuliko unavyowatazama waumini. Ukisema maneno mengi na yeye akasema machache, nyamaza hapo hapo. Ukitamka jambo zito na watu wakatabasamu, usishangilie. Kaa naye chini baadaye, bila meza kati yenu, umwambie jambo ambalo mimi sikuambiwa na mtu yeyote: kwamba hatafukuzwa kwa kusema kweli. Usimwambie kama hutalitimiza. Na jifunze lugha yao, usiishie kwenye salamu. Jifunze mpaka uelewe wanapokutukana. Siku utakayotukanwa ukaelewa, ukajibu, ukajibiwa, ndiyo siku utakayokuwa umefika.

Tusi lisilomfikia mtu halimuumizi, hilo ndilo nililokuwa nikijiambia kwa ajili ya wengine. Sasa naona kwamba watu wasioweza kukasirikiana hawajakutana bado. Mchungaji Tobias amekaa nasi miaka mingi hivyo, na hajakutana na hata mmoja wetu, isipokuwa mimi, leo asubuhi, kwa dakika chache, kabla hajaniambia niendelee kama kawaida.

Jua linazama na shangazi yako anakuita ulete maji ya moto. Nikueleze ninachokuomba.

Kesho nitasimama upande wa kushoto wa Mchungaji kama siku zote. Ninajijua. Sasa hivi nina hasira, na hasira inanipa mgongo ulionyooka, lakini kufikia asubuhi itakuwa imepoa, nami nitaiona meza yangu ya Bomani, nitaona mtu mwingine ameikalia, na mdomo wangu utaanza kulainisha maneno kabla sijauamuru. Mdomo huu umefanya hivyo miaka mingi, haunisikilizi tena. Kanisani kesho wewe peke yako, ukiniacha mimi, ndiye utakayesikia pande zote mbili.

Kaa mbele, ubavuni mwa bibi yako. Nikipunguza neno hata moja, la Mchungaji au la bibi, usinionee huruma na usingoje ibada iishe. Simama mbele ya wageni na mbele ya watu wa nyumbani, ulimalize neno hilo wewe, kwa sauti, jinsi lilivyosemwa. Najua ninachokuomba. Gari la kukupeleka uwanja wa ndege Mwanza ni lake, na anaweza kusema huendi tena. Mimi siwezi kukuhakikishia chochote. Lakini kama huwezi kusimama kwa ajili ya bibi yako hapa, ambapo kila mtu anakujua jina, sijui utasimamaje huko kwa ajili ya bibi wa mtu mwingine.

Ukisimama, mimi nitanyamaza nikupishe.

Baba yako,
Marwa